UZI: Kwa nini nimeacha kujampa vichujio vya simu, na jinsi kidude hicho kinavyobuniwa

FundiLangoni

Wadau, assalaam aleikum. Muda mrefu nimekuwa msomaji tu humu, leo nashuka na uzi wangu mwenyewe. Ni mrefu, anayetaka kumimina chai amimine kwanza.

Natengeneza simu hapa Lamu, mtaa wa Langoni. Wateja wangu wengi ni wavuvi na manahodha. Miaka mitatu nyuma alikuja ami mmoja wa Kizingitini na simu ya 3G iliyoanguka juu ya jiwe la gati. Netiweki hakuna. Nikafungua, nikafuata skematiki (mchoro wa saketi ya simu), nikakuta kichujio kimoja, yaani kidude kinachopitisha masafa yanayotakiwa na kuzuia mengine, kwenye njia ya kupokea ya bendi ya megahezi 900 kimevunjika ndani: ishara yaingia, haitoki. Kidude chenyewe ni kidogo kuliko mbegu ya ufuta.

Sikuwa na kipuri. Nikafanya tunachofanya wengi wetu: jampa. Waya mwembamba kutoka mguu wa kuingilia hadi mguu wa kutokea. Netiweki ikashika, pau zote zikasimama. Nikapokea pesa, ami akashukuru, akaenda zake.

Siku nane baadaye akarudi. Hakuja na hasira, na hilo ndilo lililoniuma. Akaniambia, "Mwanangu, simu hini muini yasema, nde haisemi." Walikuwa wamepita Kiwayu, injini ikawazimikia. Simu ya kijana wake, ya bei ndogo kuliko yake, ilishika. Yake ilikuwa kama jiwe. Walipata msaada kwa simu ya kijana. Usiku ule sikulala vizuri, maana kijana yule angeweza kuwa ameacha simu nyumbani.

Nilitaka kujua kwa nini. Kwa nini mjini isikie na baharini isisikie, na waya ni uleule?

Jibu nililolipata ni hili. Simu ya 3G inasema na kusikia kwa wakati mmoja. Kwenye bendi ya 900 inarusha kati ya megahezi 880 na 915, inapokea kati ya 925 na 960. Megahezi 10 tu ndizo zinazotenganisha kinywa na sikio, na vyote viwili vinatumia antena moja. Ukiwa karibu na mnara, mnara unaiamuru simu ipunguze nguvu, nayo inanong'ona, huku ishara inayoingia ni kubwa. Ukiwa mbali baharini mambo yanapinduka. Simu inapiga ukelele kwa nguvu zake zote, kama robo ya wati, na ishara ya mnara inafika imechoka kabisa, tuseme desibeli 105 chini ya miliwati moja (kila desibeli 10 ni kupungua mara kumi). Dupleksa ya mlangoni, yaani kichujio pacha kinachotenganisha kurusha na kupokea, inazuia ukelele ule usiingie sikioni, lakini haizuii wote. Ikikata desibeli 50, kinachopenya bado kinaizidi ishara ya mnara nguvu kama mara milioni 80. Kwenye simu za aina ile kichujio cha pili huwekwa nyuma yake kumalizia kazi. Hicho ndicho nilichokiruka mimi. Waya hauchagui, unapitisha kila kinachokuja.

Kwa hiyo jampa inafanya kazi pale ambapo kichujio hakihitajiki sana, na inakufa pale ambapo mtu anakihitaji kuokoa roho yake.

Tangu hapo nimekuwa nasoma vitu hivi usiku baada ya kufunga duka. Ulizeni, nitaeleza ninavyojua.

MwanaShela

Shukran fundi. Lakini si ni koili na kapasita tu hizo? Mbona tusiunge za kwetu badala ya kutafuta kipuri?

FundiLangoni

Nilidhani hivyo pia. Ubaya ni kwamba koili ndogo ya kwenye bodi inapoteza nguvu haraka. Piga tari lililolowa maji: linasema "bu" likanyamaza. Kitu kinachonyamaza upesi hakiwezi kutofautisha 915 na 925. Ili uchague kwa ukali unahitaji kitu kinachoendelea kulia muda mrefu baada ya kupigwa, kama kengele ya shaba. Koili za udogo ule ubora wake, yaani kipimo cha kuendelea kulia huko, ni makumi tu. Resoneta ya fuwele, yaani kipande cha fuwele kinacholia kwa masafa yake maalumu, hufika 1,000 na kuzidi.

Ndiyo maana watu walikimbilia sauti. Nikisema sauti simaanishi ya sikio, namaanisha mtikisiko unaotembea ndani ya kitu kigumu. Wimbi la redio la megahezi 900 lina urefu wa sentimita 33, zaidi ya futi moja. Ukitaka kulinasa lenyewe kwa kifaa cha kiasi chake, simu itakuwa na ukubwa wa tofali. Lakini mtikisiko kwenye fuwele unakwenda kama mita 4,000 kwa sekunde, wakati redio inakwenda mita milioni 300. Masafa yaleyale, mwendo umepungua mara 75,000, basi na urefu wa wimbi nao umepungua mara 75,000: unabaki mikromita 4.4. Unywele mmoja wa kichwa unaweza kulaza mawimbi kumi na zaidi kwa upana wake. Udogo wa kichujio chote umetoka hapo.

Kugeuza umeme kuwa mtikisiko ni kazi ya fuwele yenyewe. Kile kiberiti cha jiko la gesi cha kubonyeza kikatoa cheche, ndani yake mna kitu kinachobanwa kikatoa umeme. Ndugu wawili Wafaransa, Jacques na Pierre Curie, walilionyesha jambo hilo mwaka 1880. Kinyume chake pia ni kweli: ukikipa umeme, kinajinyonga. Kwenye vichujio vya simu fuwele inayotumika sana ni litiamu tantaleti.

Sasa chukua vitana viwili, viingilianishe meno bila kugusana, uvichore kwa alumini juu ya fuwele. Kitana kimoja kinapokea ishara, kingine kinakwenda ardhini. Umeme unapobadilika, uso wa fuwele kati ya meno unapanda na kushuka, na wimbi linaanza kutambaa juu ya uso. Likiwa na urefu unaolingana na nafasi za meno, kila jino linaongeza nguvu kwa mwenzake. Lisipolingana, meno yanapingana na hakuna kinachojengeka. Ubunifu huu wa vitana ni wa White na Voltmer, Berkeley, Marekani, mwaka 1965. Upana wa jino moja ni robo ya wimbi: kwa 900 ni mikromita 1.1.

Mafundi wazee mlioshika TV za kichogo mnakijua kitu hiki. Kile kidude cha miguu mitano karibu na tyuna, cha megahezi 38.9, ni babu yake. Wimbi lake lilikuwa kama sehemu moja ya kumi ya milimita, ndiyo maana kilikuwa kikubwa vile.

FizikiaMalindi

Hongera Fundi, nafundisha fizikia sekondari huku Malindi na nimefurahi. Nirekebishe kidogo: umesema uso "unapanda na kushuka". Hilo ni wimbi la Rayleigh, mwanafizikia Mwingereza aliyelieleza mwaka 1885. Lakini kwenye litiamu tantaleti iliyokatwa kwa pembe ya nyuzi 42, ambayo ndiyo ya simu, mtikisiko mkubwa unakwenda ubavuni, kushoto na kulia, sambamba na uso.

FundiLangoni

Kweli mwalimu, ahsante. Nimeandika kwa haraka. Unakwenda kama mkeka unaovutwa pembeni, na wenye mwendo wa kasi kuliko ule wa Rayleigh, jambo linalosaidia meno yasiwe membamba mno.

BintiMkomani

Kaka Fundi, mimi nasomea uhandisi wa umeme, mwaka wa tatu, kwetu Mkomani. Vitana nimeelewa. Nisichoelewa ni vipi ukiwa na resoneta zinazolia kwenye sauti moja unapata kichujio kinachopitisha upana mzima wa megahezi 35. Darasani tulipita juu juu.

FundiLangoni

Dada, swali hili lilinichukua miezi, na jibu lake nililipata nikitembea kichochoro cha kwenu.

Resoneta moja ina masafa mawili, si moja. Kwenye ya chini inafunguka: umeme unapita kana kwamba hakuna kizuizi. Kwenye ya juu kidogo inafunga: hakuna kinachopita. Nafasi kati ya kufunguka na kufunga inaamuliwa na fuwele yenyewe, kwa kiasi inavyogeuza umeme kuwa mtikisiko. Kwa hesabu yetu tuchukue asilimia 3.2.

Sasa waza kichochoro chenye milango, na kando yake kuna mtaro wenye vifuniko. Ishara ni maji yanayomwagika kutoka juu. Resoneta zilizo kwenye njia ni milango. Zilizounganishwa kutoka njiani kwenda ardhini ni vifuniko vya mtaro. Tunabuni ili mlango ufunguke kwenye masafa yaleyale ambayo kifuniko kinafunga. Kwa bendi ya kurusha, katikati ni 897. Hapo mlango u wazi, mtaro umefunikwa, maji yanapita yote. Ukishuka hadi 869, kifuniko kimefunguka kabisa: kila kitu kinaanguka mtaroni. Ukipanda hadi 926, mlango umefungwa. Kati ya mashimo hayo mawili ndimo bendi yako inamokaa, kipande kinapita, pande zote mbili zimekatwa.

Ona 926 ilivyoangukia: megahezi moja juu ya mwanzo wa bendi ya kupokea. Ukiona hivyo utasema kazi imekwisha. Haijaisha. Ukipita 926 ule mlango unaanza kuvuja tena, maana mbali na masafa yake resoneta ni kapasita tu. Na wewe unatakiwa uzuie kutoka 925 mpaka 960 yote. Hapo mbunifu anaweka milango mitatu au minne mfululizo, kila mmoja akiusogeza kidogo ili mashimo yapangane kama meno ya msumeno. Na anafanya vifuniko vya mtaro kuwa vikubwa kuliko milango. Kila mlango unaouongeza unaongeza ukali, na kila mlango unakula kidogo ya ishara. Desibeli moja ikipotea, umepoteza kama moja ya tano ya nguvu. Tatu zikipotea, nusu imekwenda, na betri ndiyo inayolipa.

Kwa ukubwa: kianzio ni kapasita yenye ukinzani wa omu 50, kwenye 900 ni pikofaradi 3.5 hivi. Hiyo ndiyo inayoamua meno mangapi na marefu kiasi gani. Kwa hiyo usidhani ukubwa unatoka kwenye urefu wa wimbi peke yake.

Na huku ndiko ninakopapenda zaidi. Upande wa kurusha, nguvu yote ya simu inapita kwenye meno ya mikromita moja. Mtikisiko ule ukizidi, chembe za alumini zinahama mahali pake taratibu, zinarundikana upande mmoja, upande wa pili panabaki matundu, mpaka siku moja meno mawili yanagusana. Dawa ni mbili. Ya kwanza, kuchanganya shaba kidogo kwenye alumini. Ya pili, kuigawa resoneta iwe mbili mfululizo ili zigawane mzigo. Lakini kapasita mbili mfululizo zinapungua nusu, basi kila moja lazima iwe mara mbili ya ile ya kwanza: umeanza na eneo la moja, umeishia na eneo mara nne. Nguvu inapatikana, udogo unaondoka. Mtu anayekuuzia kichujio kidogo sana kwa upande wa kurusha, muulize resoneta amezigawa vipi.

BintiMkomani

Subhanallah. Mtaro sitausahau tena. Na joto? Naona vitabu vinalitaja sana.

FundiLangoni

Joto nimeliona kwa macho yangu. Nina NanoVNA, kile kipimo kidogo cha bei nafuu kinachochora masafa yapi yanapita na yapi yanakatwa. Nilitoa kichujio cha kurusha cha 900 kwenye bodi mbovu, nikakiunga kwa vipande viwili vya kebo, nikaona mchoro: mlima wenye kichwa bapa na mashimo pande zote. Nilikaa nao kama mtu aliyeonyeshwa picha ya mtoto tumboni. Kisha nikakisogezea hewa ya moto ya bloa kutoka mbali. Mlima wote ukaanza kutembea kushoto.

Mnajua kwenye maulidi vijana wanavyopasha matari motoni kabla ya kupiga, ngozi ikakaza, sauti ikapanda. Fuwele hii ni kinyume: ikipata moto inalegea, sauti inashuka. Inashuka kama sehemu 40 kwa milioni kwa kila nyuzi moja. Bodi ikitoka nyuzi 25 ikafika 85, ile kingo ya 915 imeshuka megahezi 2.2. Una nafasi ya 10 tu kati ya kurusha na kupokea, 2.2 zimeliwa na joto, nyingine zitaliwa na baridi upande wa pili, nyingine na kasoro ndogo za kiwandani.

Na kuna mzunguko mbaya. Ukirusha karibu na 915, ukingo ukishuka unaanza kukata ishara yako mwenyewe. Sehemu ya kinachokatwa inageuka joto palepale. Joto linaushusha ukingo zaidi. Kinachokatwa kinaongezeka. Simu iliyo juani kwenye mashua, ikirusha kwa nguvu zote, iko ndani ya hali hiyo hasa.

Wabunifu wakapata njia nzuri sana. Silika, ndugu wa kioo, ina tabia ya ajabu: ikipata moto inakuwa ngumu zaidi. Wakaimwaga juu ya vitana kama ukoko mwembamba. Fuwele inalegea, silika inakaza, sauti inabaki karibu mahali pake. Bei yake ni kwamba ukoko ule unapunguza uwezo wa kugeuza umeme kuwa mtikisiko, kwa hiyo ile asilimia yetu inabanwa na bendi pana inakuwa ngumu kuipata. Ndiyo maana wengi wakitumia ukoko hugeukia fuwele nyingine, litiamu niobeti, yenye ugeuzaji mkubwa zaidi, ili wawe na cha kupoteza.

SokoLaSimu_MLD

Haya yote mazuri kaka, lakini niseme ukweli wangu. Niko Malindi, mteja anataka simu leo jioni, kipuri kinatoka Nairobi, na yeye hana pesa ya kusubiri. Nisipompa jampa ataenda kwa jirani. Wewe unakula nini huko Lamu?

FundiLangoni

Nakuelewa, wallahi. Nami nina watoto. Ninachofanya ni hiki: bodi mbovu sizitupi. Nina kopo la bodi kuukuu, nimeziandika kwa bendi, na mara nyingi kichujio kinachofaa kimo humo. Kisipokuwemo, namwambia mteja kwa mdomo wangu: hii itasema mjini tu, usiitegemee ukitoka mlangoni. Wengine huondoka. Waliobaki wanarudi. Mvuvi simpi jampa kabisa, hata akiniomba.

FizikiaMalindi

Fundi, wanafunzi wangu watauliza kuhusu 4G ya juu na 5G. Vitana vinafika?

FundiLangoni

Vinachoka, mwalimu. Kwenye gigahezi 2.6 jino linakuwa chini ya mikromita 0.4, na jembamba vile linapinga umeme na kuvunjika upesi. Hapo wanaacha kutambaza wimbi juu ya uso, wanalipiga wima ndani ya utando mwembamba wa alumini naitraidi, wenye metali juu na chini, kama ngozi iliyowambwa. Unene wa utando ndio unaoamua sauti. Mwendo humo ni kama mita 11,000 kwa sekunde, kwa hiyo nusu ya wimbi kwa 2.6 ni mikromita 2 hivi, na uzito wa metali unaifanya iwe nyembamba zaidi. Chini yake huachwa uwazi wa hewa, au tabaka za kurudisha wimbi juu. Aina hii ndiyo iliyozifukuza dupleksa kubwa za kauri kwenye simu za Marekani mwanzoni mwa miaka ya 2000.

Lakini 5G ya 3.3 hadi 3.8 ina upana wa asilimia 14. Alumini naitraidi tupu haifiki huko hata karibu. Wanaichanganya na skandiamu ili iongeze ugeuzaji, au wanarudi kwa koili na kapasita kwa sababu huko majirani hawajabanana kama huku kwetu 900. Kwa hiyo MwanaShela, kwenye bendi hizo ulikuwa na haki yako.

MwanaShela

Alhamdulillah nimepata hata moja 😄 Sasa nikibadilisha kichujio, kuna la kuangalia?

FundiLangoni

Lipo, na sikuambiwa na mtu, niliua vitatu kabla ya kulijua. Litiamu tantaleti ikipata joto kwa ghafla inatoa umeme wake yenyewe. Umeme ule unaruka kati ya meno yaliyo mikromita moja mbali, cheche zinakula alumini, na kichujio kimekufa kabla hujakiweka. Viwanda vingine huipika fuwele mpaka ikawa nyeusi ili umeme uvuje taratibu, lakini wewe hujui kilichomo ndani. Pasha bodi nzima kutoka chini kwanza, polepole. Bloa ije mwisho na ikae mbali. Usikipoze kwa kupuliza. Wala usikibonyeze kwa kibano juu: ndani mna uwazi, kile kifuniko ni dari tu, na uso wa fuwele haupaswi kuguswa na kitu chochote, hata unyevu.

BintiMkomani

Na yule ami, iliishaje?

FundiLangoni

Nilimwekea kichujio kizima kutoka bodi nyingine, nikamrudishia pesa yake ya kwanza. Wiki mbili baadaye nilikuwa dukani asubuhi, simu ikalia. Ni yeye, upepo wavuma nyuma yake, yuko nje ya Kiwayu. Aliniuliza kama barafu ipo sokoni.